Binadamu na Watu: Mkataba Wetu wa Haki Tuujadili kwa Maneno Yetu

Maneno haya niliyasema Busia, upande wa Uganda, mbele ya wachuuzi wa mpakani, vijana wa bodaboda, walimu na wasaidizi wa kisheria kutoka pande zote mbili. Wengi waliotaka kuja walizuiwa na mvua, wengine na siku ya soko. Nimeyaandika hapa yote kwa ajili yao.

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu mliovuka mpaka asubuhi hii, na nyinyi vijana wa boda mliozima pikipiki zenu mkaingia ndani, hamjambo?

Nianze kwa kumshukuru mzee aliyekaa pale karibu na dirisha. Wiki iliyopita nilipita kwake kumpelekea barua ya mwaliko, nikamsomea kwa sauti jina la mkataba tuliokuja kuuzungumzia: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Akanisimamisha hapo hapo. Akaniuliza, "Mwalimu, hao binadamu na hao watu, tofauti yao ni nini? Sisi wa hapa tuko kundi gani?"

Niliondoka bila kumjibu. Nimefundisha miaka mingi, nimekuwa msaidizi wa kisheria hapa mpakani miaka mingine mingi, na mkataba huo nimeubeba mkobani muda wote. Lakini swali hilo sikuwahi kujiuliza. Mzee, leo nimekuja kukujibu.

Kwa Kiswahili swali lake ni halali kabisa. Binadamu ni mtu, na mtu akiongezeka ni watu. Basi nikaenda kumuuliza mama mmoja wa ng'ambo ya pili, Mjaluo, anayeuza dagaa. Yeye hakusita. Alisema, "Sisi tuna *dhano*, na tuna *ji*. Dhano ni yule mmoja mwenye pumzi yake. Ji ni watu kwa pamoja, wenye kwao."

Mmesikia? Hicho ndicho walichokusudia walioandika. Binadamu ni wewe peke yako: mwili wako, ulimi wako, nyumba yako. Watu ni sisi kwa pamoja, wenye ardhi, wenye lugha, wenye haki ya kujiamulia mambo yetu na kufaidi mali iliyo chini ya ardhi yetu. Afrika ilitaka vyote viwili viandikwe kwenye mkataba mmoja. Na muuza dagaa ameieleza tofauti hiyo kwa pumzi moja, kazi ambayo tafsiri yetu ya Kiswahili haijaiweza.

Lakini kuna jambo jingine. Mkataba huo una ibara 68, na hakuna hata moja inayosema *watu* ni nani. Jaji Kéba M'Baye wa Senegal aliwaongoza wataalamu walioandika rasimu mjini Dakar mwishoni mwa mwaka 1979, na neno hilo waliliacha bila maelezo kwa makusudi. Kwa nini? Kwa sababu kila serikali ingeanza kupiga hesabu zake. Je, kabila hili ni watu? Je, jimbo lile ni watu, na likitaka kujitenga itakuwaje? Wakiingia hapo hawatoki. Wakaona heri neno libaki wazi, mkataba uzaliwe, na wajukuu waje kulimaliza wenyewe.

Wajukuu ndio sisi.

Sasa niwaulize: mnajua kwamba mkataba huu una damu ya Uganda ndani yake?

Julai 1975 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kampala, na Idi Amin akawa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji walisusia. Wengine walikuja, na waliyoyajua kuhusu magereza yetu na maiti zetu waliyaacha mlangoni, kwa sababu kanuni ilikuwa moja: usiingilie mambo ya ndani ya mwenzako. Mambo ya ndani! Nyumba ya jirani inawaka, mtoto analia ndani, na wewe umesimama uani unasema hayo ni mambo ya ndani.

Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Miezi mitatu baadaye wakuu wa nchi wakakutana tena, safari hii Monrovia, Liberia. Wapo waliosimama kuilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka. Rais wetu wa wakati huo, Godfrey Binaisa, akasimama naye, akawaambia wenzake waache kujificha nyuma ya kanuni ile. Na ni mkutano huo huo wa Monrovia ulioagiza rasimu ya mkataba wa haki iandikwe. Ndipo tukafika Dakar, kisha Banjul, Gambia, ambako mawaziri walivutana mno hata kikao cha kwanza cha Juni 1980 kikaishia kwenye ibara 11 tu. Wakarudi Januari 1981 kumalizia. Juni 1981, Nairobi, mkataba ukapitishwa. Uganda iliuridhia Mei 1986, na Oktoba mwaka huo ukaanza kufanya kazi.

Sasa fungueni ibara ya 12, sehemu ya 5. Inakataza kuwafukuza wageni kwa halaiki, na inaeleza halaiki ni nini: kufukuza kunakolenga kundi la taifa, la rangi, la kabila au la dini. Nani hapa akisoma maneno hayo haoni Agosti 1972, Wahindi wa nchi hii wakipewa siku 90?

Na sisi wa mpakani tunakumbuka zaidi ya hapo. Mwaka 1970, kabla ya Amin, serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu. Mwaka 1982 huko magharibi wakafukuzwa wenye asili ya Rwanda, hata wale waliozaliwa hapa na wazazi wao wakazaliwa hapa.

Jirani yetu mwaka ule wa 1970 alikuwa fundi cherehani, mtu wa ng'ambo. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka walivyofunga mizigo usiku, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Cherehani ilikuwa nzito, hawakuweza kuibeba, akaiacha kwa mama yangu. Mama aliifunika kwa shuka. Kila Jumamosi alifunua, akapangusa vumbi, akatia mafuta tone moja hapa, tone moja pale, akafunika tena. Hakushona nayo hata pindo la kanga, ingawa sisi tulivaa nguo zilizochanika. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Si yangu. Mwenyewe yuko hai." Amin akaja, akaondoka. Vita vikaja, vikapita. Fundi hakurudi. Miaka ilipita zaidi ya ishirini, akaja mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Mama akamfunulia cherehani. Gurudumu likazunguka.

Mama yangu hakusoma ibara ya 12. Lakini nikisoma sehemu ya 5, namwona yeye na kile kichupa chake cha mafuta. Na ndiyo maana nasema mkataba wa haki unaoandikwa bila watu wa namna hii kuwamo chumbani utakosa jambo la msingi.

Ndugu zangu, nani anakuwa chumbani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tume ya Katiba ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka Uganda nzima kukusanya maoni. Maoni yaliyofika kwa tume yalizidi 25,000. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na Busia ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Tororo. Mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji la wakati ule, aliniomba niwe mwandishi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Tulikaa chini ya mwembe na maswali ya mwongozo, na daftari la kurasa 96.

Akasimama mjane mmoja. Akasema, "Andika: mume akifa, nisifukuzwe nyumbani." Nikaandika, kwa akili yangu ya chuo, *haki ya wajane kumiliki mali*. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Sikusema hivyo. Nimesema nisifukuzwe nyumbani." Nikamweleza kwamba maana ni moja. Akasema, "Kama maana ni moja, basi andika yangu."

Nikafuta. Nikaandika yake.

Nataka mwone njia ambayo sentensi ile ilipita. Katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, na ibara ya 31 ikaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane kurithi. Ndiyo lugha yangu ile ya chuo. Miaka ikaenda. Shemeji wakaendelea kuja na makufuli yao siku ya arobaini. Hadi mwaka 2022 Sheria ya Urithi iliporekebishwa, na kumfukuza mjane kwenye nyumba aliyoishi na mumewe kukaandikwa kuwa kosa. Miaka 27 tangu Katiba! Yule mama alishazikwa. Alichokitaka yeye kilikuwa wazi tangu chini ya mwembe: nisifukuzwe nyumbani. Tuliokuwa na kalamu ndio tuliochelewa kumsikia.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya nao walipotaka hati moja ya haki za msingi, mwaka 1999, walijiuliza swali hilo hilo la chumba. Mikataba yao ilizoea kuandikwa na mabalozi, milango imefungwa. Safari ile waliunda baraza la watu 62: wawakilishi 15 wa wakuu wa nchi, wabunge 30 wa mabunge ya nchi zao, wabunge 16 wa Bunge la Ulaya, na mmoja wa Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja huo. Mwenyekiti alikuwa Roman Herzog, aliyekuwa rais wa Ujerumani. Wabunge walikuwa wengi kuliko watu wa serikali, na rasimu ziliwekwa wazi kila mtu azisome. Walianza Desemba 1999, wakamaliza Oktoba 2000. Hata hivyo hati yenyewe, iliyotangazwa Nice Desemba mwaka huo, haikupata nguvu ya sheria mpaka Desemba 2009. Kwa hiyo msidhani kuchelewa ni ugonjwa wa Afrika peke yake.

Sasa turudi nyumbani. Wangapi hapa mmewahi kusikia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina muswada wake wa haki za binadamu na watu? Inueni mikono. Mmoja. Wawili. Mama pale, watatu.

Upo. Tume za haki za binadamu za nchi zetu zilikaa pamoja na kuandika rasimu ya hati ya haki ya Afrika Mashariki, na mwaka 2012 Bunge la Afrika Mashariki likapitisha muswada. Ukapelekwa kwa wakuu wa nchi watie saini ili uwe sheria. Haukupata saini zao. Wakati ule jumuiya ilikuwa na nchi tano. Sasa tuko nane, pamoja na Sudan Kusini, Kongo na Somalia, na kazi ile imebaki kabatini.

Nimewahi kukasirika sana juu ya saini zile. Bado nakasirika. Lakini nikitazama mikono mitatu iliyoinuka humu, katika mji huu ambao kila siku unavuka nchi mbili kwa miguu, najiuliza: muswada ukilala kabatini na mwenye mali hajui kwamba ni mali yake, nani atakwenda kugonga kabati? Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali jumuiya ielekee konfederesheni ya kisiasa, yaani muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake, na kamati ya wataalamu wa kuandika katiba yake ikaongozwa na Jaji Odoki yule yule, sasa amestaafu. Nafasi ipo. Safari hii tusisubiri kuulizwa.

Na tutakapoulizwa, tuwe wakali kwenye maneno. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Ulaya waligombana juu ya neno moja la utangulizi. Wajerumani wengi walitaka utangulizi uutaje urithi wa dini. Wafaransa, ambao kwao dini na dola vimetenganishwa, wakakataa. Mwishowe Kifaransa kikaandika urithi wa *kiroho* na kimaadili, na Kijerumani kikatumia neno linalobeba roho na dini kwa pamoja. Hati moja, siku moja, saini zile zile, na kila mmoja akaenda nyumbani na neno lake. Sasa fikirini sisi: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili, Kisomali, Kirundi, Kinyarwanda, Kiarabu cha Juba. Nani atakaa kuhakikisha kwamba Kiswahili chetu kinasema kile kile? Ni nani, kama si sisi tunaokitumia kuanzia asubuhi mpaka usiku?

Na wakati mwingine lugha yetu inatusaidia. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipokuwa unaandika Tangazo la Haki za Binadamu, mama mmoja kutoka India, Hansa Mehta, alipigana ili Kiingereza kisiseme *wanaume wote* wamezaliwa huru, kiseme *binadamu wote*. Alishinda. Kiswahili hakikuhitaji vita hiyo. Mtu ni mtu, mwanamke au mwanamume. Na tuna neno *utu*, ambalo Waganda nao wanalo katika *obuntu bulamu*. Hati ya Ulaya inafungua kwa ibara inayosema heshima ya mtu haiguswi. Sisi tungeweza kuandika kwa maneno manne: utu wa mtu hauguswi. Mtoto wa darasa la tatu ataielewa.

Lakini kuna maneno ya kuogopa. Katika Mkataba wa Afrika, ibara ya 9 inasema kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake *kwa mujibu wa sheria*. Ibara ya 10, haki ya kuungana na wenzako, *ilimradi ufuate sheria*. Ibara ya 12, haki ya kutembea na kukaa unapotaka, *ilimradi ufuate sheria*. Mnaona kile kimkia? Sheria inatungwa na nani? Na serikali ile ile ambayo mkataba ulitakiwa kuizuia. Ni sawa na mwenye nyumba anayekukabidhi chumba, unalipa kodi, anakupa ufunguo, kisha anabaki na ufunguo wa pili mfukoni. Siku akitaka, anaingia. Utasema chumba ni chako?

Tume ya Afrika kule Banjul, inayosimamia mkataba huu, imejitahidi kukata kimkia hicho. Imesema sheria ya nchi isitumike kuifuta haki yenyewe. Ni vizuri. Lakini sisi tunaoandika upya, kwa nini tukiache kimkia ndipo tutafute wa kukikata? Haki ikihitaji mpaka, mpaka uandikwe: kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani atauhoji.

Na kuna maneno ambayo hayamo kabisa. Mkataba unakataza mateso, na Katiba yetu, ibara ya 44, inasema haki ya kutoteswa haisimamishwi kwa sababu yoyote. Lakini mzee yeyote wa nchi hii ukimwambia "mateso" atakuuliza: unasema *kandoya*? Viwiko vimefungwa nyuma ya mgongo mpaka kifua kinafunguka. Jaji Arthur Oder na tume yake, iliyoundwa mwaka 1986, walikaa miaka kusikiliza mashahidi wakieleza mambo kama hayo, na taarifa yao ikatoka mwaka 1994. Mimi ningependa neno hilo liandikwe mahali fulani kwenye maelezo ya hati yetu. Akisimama askari kesho na kusema hakujua kwamba kufunga mtu vile ni mateso, aonyeshwe.

Asubuhi, kabla hatujaanza, kulikuwa na ubishi pale nje kuhusu wajibu. Nimewasikia. Mkataba wa Afrika unataja pia wajibu wa mtu: ibara ya 29 inamtaka kila mmoja awaheshimu wazazi wake na kuwatunza wakiwa na shida. Wazee walifurahi. Kijana mmoja wa boda akasema wajibu ni fimbo, watatupiga nayo. Wote wawili wana haki, na ibara yenyewe inaonyesha kwa nini. Sehemu ya kwanza inazungumzia wazazi. Sehemu ya tatu inazungumzia kutohatarisha usalama wa dola. Ya kwanza naitaka ibaki. Mama aliyekulea usimwache afe njaa, hilo halina mjadala kwetu. Ya tatu naiogopa kama anavyoiogopa kijana, kwa sababu usalama wa dola umeshawaweka wengi ndani bila kesi. Tuzitenganishe hizo mbili. Zisilale kitanda kimoja.

Jambo la mwisho ni mlango. Haki bila mlango wa kwenda kudai ni picha ya ukutani.

Novemba 2005, Kampala, washtakiwa 14 wa kesi ya uhaini walipewa dhamana na Mahakama Kuu. Kabla hawajatoka, watu wenye silaha wakaizingira mahakama, na wakarudishwa gerezani. Kesi ikapelekwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki; inaitwa kesi ya Katabazi. Serikali ikasema mahakama hiyo haina mamlaka juu ya haki za binadamu. Na kwa maandishi ilikuwa na hoja: ibara ya 27 ya Mkataba wa Jumuiya inasema mamlaka hayo yatakuja baadaye, kwa itifaki. Majaji wakajibu, tarehe 1 Novemba 2007, kwamba hawawezi kuamua kesi ya haki za binadamu kama hivyo, lakini hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu ndani ya malalamiko kuna haki za binadamu. Wakaona utawala wa sheria umevunjwa.

Mlango ulikuwa umefungwa, wakapitia dirishani. Nawaheshimu majaji wale. Na kwa dirisha hilo hilo alipita mwanasheria wa Kenya, Samuel Mohochi, aliyezuiwa Entebbe mwezi Aprili 2011 na kurudishwa Nairobi kwa ndege bila kuelezwa sababu. Mwaka 2013 mahakama ikasema Uganda ilikosea: mwananchi wa jumuiya hawezi kurudishwa hivi hivi, wakati tumesaini itifaki ya soko la pamoja. Kila anayevuka hapa na kikapu chake alishinda siku ile pamoja naye.

Lakini je, wewe mwenye kikapu utafika Arusha? Unatakiwa kufungua kesi ndani ya miezi miwili. Miwili! Mwaka fulani mama mmoja alikuja kwangu na karatasi imekunjwa mara nane. Alikuwa amechukuliwa mali yake na kuzuiwa kuvuka, na karatasi aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Aliitia saini akidhani ni risiti. Ilikuwa imeandikwa kwamba amekubali kosa. Alipopata mtu wa kumsomea, ilikuwa mwezi wa tano. Na Mahakama ya Afrika, ambayo nayo iko Arusha, Uganda imeridhia itifaki yake, lakini haijatoa tamko la kuruhusu mwananchi aende moja kwa moja. Kwa hiyo huko nako wewe na mimi tunasimama getini.

Kwa hiyo nina maombi matatu ya kuandika kwenye hati yetu, na nitayapigania popote nitakapoitwa: itifaki ile ya ibara ya 27 ikamilishwe na mahakama ipewe mamlaka kamili, miezi miwili ihesabiwe kuanzia siku mtu alipoelewa alichofanyiwa, na karatasi yoyote inayomnyima mtu haki mpakani iandikwe kwa lugha anayoisoma, au asomewe kabla ya kutia saini. Mwaka 2022 baraza la mawaziri letu lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Basi kianzie hapo, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane.

Nimesema mengi. Tutagawanyika meza sita, kila meza ibara moja. Kila meza iwe na mtu wa Uganda na mtu wa Kenya, na mwandishi wa kila meza asome alichoandika mbele ya aliyesema, mpaka aliyesema akubali. Akisema "andika yangu," iandikwe yake.

Meza ya kwanza itashughulika na neno *watu*. Mama wa dagaa, naomba ukae hapo na *dhano* na *ji* zako. Wateso wawepo, Wasamia wawepo, Jopadhola wawepo, kila mmoja alete neno la kwao. Na wewe mzee wa dirishani, kiti cha katikati ni chako, kwa sababu swali ni lako. Kalamu ziko kwa mama aliyekaa mlangoni.